Kutoka Mombo hadi Mtae: Wiki ya Januari katika Milima ya Usambara

Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani, kwa kusoma daftari dogo nililokuwa nikiandikia nauli na saa za kuondoka, na kwa kulinganisha maandishi hayo na picha nilizopiga kwa simu. Wasafiri wengi wanaotoka Dar es Salaam hupanda Lushoto siku ya Ijumaa, hupiga picha Irente siku ya Jumamosi, kisha Jumapili wakashuka wakiamini kwamba Usambara wameimaliza. Sisi tuliendelea na barabara mpaka inapokoma, kule Mtae, na nimeandika haya nikitumaini kwamba atakayesoma naye atajipa nafasi ya kufika huko, kwa sababu uzuri wa milima hii huongezeka kadiri mtu anavyozidi kwenda mbali na lami.

Nilisafiri na mpwa wangu, kijana aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne na ambaye alikuwa akisubiri matokeo. Tulichagua mwishoni mwa Januari kwa sababu mvua za vuli huwa zimepungua, masika hayajaanza, na miti ya matunda ya Lushoto huwa imebeba.

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Lushoto

Tiketi zetu zilionyesha kwamba basi lingeondoka katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa moja na nusu, baada ya mabishano marefu kuhusu mizigo ya abiria mmoja aliyekuwa amebeba mabati. Nauli ilikuwa shilingi 21,000 kwa kila mmoja. Kutoka Chalinze hadi Segera hapakuwa na jambo la kuandika, isipokuwa kuvuka Mto Wami kwenye daraja jipya, ambapo abiria wenye umri mkubwa walikuwa wakielekeza vidole upande wa daraja la zamani, lile jembamba ambalo magari yalilazimika kupishana kwa zamu.

Tulikula Korogwe kwa haraka, wali na maharage kwa shilingi 3,000, kwa kuwa dereva alikuwa akifidia muda uliopotea asubuhi. Baada ya Korogwe milima inaanza kuonekana upande wa kulia, mirefu, ya buluu, ikisimama ghafla juu ya mashamba ya mkonge pasipo vilima vya kuitangulia. Mombo ni mji wa chini, wenye joto na vumbi, na ndipo barabara ya Lushoto inapojitenga na barabara kuu ya Arusha.

Mwendo wa kutoka Mombo hadi Lushoto hauzidi sana kilomita 30, lakini ni safari kamili kwa jinsi ulivyo. Lami ni nyembamba, ukuta wa mwamba uko upande mmoja na korongo liko upande wa pili, na kwenye kila kona dereva hupiga honi kabla ya kuingia. Joto la Mombo liliisha kidogo kidogo, abiria wakaanza kuvaa masweta, na tulipofika Soni tukaona maporomoko ya maji yakianguka karibu kabisa na barabara. Mama aliyeketi mbele yetu, aliyekuwa akirudi kutoka kumuuguza binti yake Dar es Salaam, aligeuka akamshika mpwa wangu mkono. Alimwona jinsi alivyokuwa amefumba macho kwa kichefuchefu.

"Mwanangu, tazama mbali, usitazame chini," alimwambia, kisha akafungua mfuko wake na kumpa peasi mbili.

Tulipofika stendi ya Lushoto saa kumi jioni, mama huyo hakuondoka mpaka alipotuonyesha njia ya kwenda kwenye gesti tuliyokuwa tumeiulizia. Chumba chenye vitanda viwili kilikuwa shilingi 30,000 pamoja na kifungua kinywa, na maji ya moto yalipatikana kwa kuomba, katika ndoo.

Kwa atakayesafiri baadaye: wanaochafukwa na gari waketi mbele na wasile sana Korogwe. Pia fedha taslimu zichukuliwe Lushoto mjini kabla ya kuendelea mbele, na ziwe za noti ndogo.

Jumanne: Irente

Lushoto iko kwenye bonde lenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na kuufanya makao ya utawala wao wa Usambara, na bado yapo majengo yenye kuta nene na mapaa yenye mteremko mkali yaliyobaki tangu zama hizo. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mji hadi saa tatu, tukanywa chai ya tangawizi na chapati kwa mama mwenye kibanda karibu na soko, shilingi 1,500 kwa wawili, kisha tukaanza kutembea kuelekea Irente kwa kupitia Yoghoi.

Njia hiyo inaweza kupandwa kwa bodaboda kwa shilingi 4,000, lakini kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu ambao sikutaka kuukosa. Nyumba zimepangwa kwenye mteremko, migomba imechanganywa na kahawa, mahindi na maharage, na kila tuliyepishana naye alisimama kusalimia. Watu wazima walitusalimu kwa Kisambaa, "Onga mahundo," na mpwa wangu akajifunza kuitikia kabla hatujafika nusu ya njia.

Kwenye kilele cha Irente ardhi inakatika. Chini, karibu mita 1,000, ipo Mazinde na nyika inayoenea kuelekea Umasaini mpaka macho yanaposhindwa kutofautisha ardhi na mbingu. Barabara kuu ilionekana kama uzi, na sambamba nayo reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905. Kijana anayeongoza wageni pale alitueleza kwamba Mazinde ilikuwa ngome ya Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai; Semboja alikaa kwenye njia ya misafara na kupata bunduki na mali, hata baada ya kifo cha baba yake mwaka 1862 akawa na nguvu kuliko ndugu zake waliobaki mlimani. Ukisimama juu ya jabali lile unaelewa bila kuambiwa zaidi: aliyekuwa chini aliidhibiti biashara, aliyekuwa juu alikuwa na maji na chakula, na ugomvi wao uliigawa Usambara.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye shamba la Irente, linalomilikiwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Hapo tulikula mkate mzito wa ngano, jibini, jamu na mboga mbichi chini ya miti. Ni chakula kisicho cha kawaida kwetu, na mpwa wangu alihitaji muda kidogo kuizoea jibini, lakini kila kitu kilichokuwa mezani kilikuwa kimetoka kwenye udongo ule ule tuliokuwa tumeukalia. Ni vizuri kutoa taarifa mapema kwa anayekusudia kula hapo, hasa mwishoni mwa juma.

Jumatano: Msitu wa Magamba

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko mwendo mfupi juu ya mji na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si kwa fedha mkononi, na raia hulipa kiwango kidogo sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa ni cha lazima. Namba yetu ilichelewa kutoka kwa sababu mtandao ulikuwa umekatika, tukasubiri saa nzima. Mlinzi wa getini alitupa viti, akatuletea na chai kutoka nyumbani kwake, akakataa kulipwa.

Nilichokiona ndani ya msitu huo ndicho kilichobadilisha namna ninavyoitazama milima hii. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na misitu yake imeishi kwa mamilioni ya miaka kwa mvuke unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo unaobeba mvuke huo unapogonga milima hupanda, hupoa na kuacha maji. Kwa kuwa bahari haikuacha kuleta mvuke hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, mimea na wanyama waliosalia huku wakajitenga na wenzao, wakawa wa pekee duniani. Wako ndege na vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote.

Kiongozi wetu, kijana wa Kisambaa aliyezaliwa kijiji cha jirani, alikuwa na jicho ambalo sijawahi kuliona kwa mtu mwingine. Alisimama ghafla, akanyoosha kidole kwenye kichaka ambacho mimi niliona majani tu, na hapo alikuwapo kinyonga mwenye pembe mbili mbele ya pua, ametulia, rangi yake sawa na ya kijani kilichomzunguka. Baadaye tuliwaona mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka kwenye matawi ya juu, na majani yaliyoanguka yakatuelekeza walikopita. Alituonyesha mikulo, miti mikubwa yenye mbao za harufu kali, iliyovunwa kwa wingi tangu enzi za wakoloni na ambayo leo iliyobaki inalindwa. Alitueleza pia juu ya dugulushi, ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya, na sasa vizazi vyake vimo kwenye vyungu vya madirishani katika nchi nyingi. Tulikagua mwamba mmoja wenye unyevu bila kuliona, naye akasema hawezi kumpeleka mgeni mahali ambapo bado lipo kwa wingi, kwa sababu wapo waliokuja wakaling'oa. Nilimheshimu kwa kauli hiyo.

Sehemu nyingine ya msitu kuna handaki la Wajerumani la wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililochimbwa kwenye mteremko. Popo wamelihamia. Tulichungulia kwa tochi na kuendelea.

Malipo ya kiongozi yalikuwa shilingi 50,000 kwa siku kwa sisi wawili. Tulikubaliana naye atupeleke mpaka Mtae kwa bei hiyo hiyo kwa siku, na chakula chake kikawa juu yetu. Nashauri kila msafiri achukue kiongozi mwenyeji, aulize kitambulisho chake kwenye ofisi za utalii za mjini, na wapatane kila kitu kabla ya kuanza safari. Njia za mlimani zinaungana na kuachana mara nyingi, na wenyeji humwamini zaidi mgeni aliyefuatana na mtu wanayemfahamu.

Jioni tulinunua plamsi sokoni, sado moja shilingi 5,000, na tukapewa pichi za nyongeza.

Alhamisi: Lukozi hadi Rangwi

Gari la kwenda Lukozi lilikuwa Noah iliyobeba watu kumi na mmoja na kuku, nauli shilingi 4,000. Baada ya Magamba lami haikuendelea nasi. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa kwa mvua ya usiku, na kabla ya Lukozi tulikuta Fuso iliyojaa kabichi imezama magurudumu ya nyuma, ikiwa imeziba barabara yote. Tulikaa hapo kwa saa mbili. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Wanaume walikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, wanawake waliokuwa wakienda mnadani wakashusha matenga yao na kuketi, na mwenye shamba la jirani akaleta majembe matatu bila kuombwa. Fuso ilipotoka watu walipiga makofi, kisha kila mmoja akarudi kwenye gari lake.

Lukozi ni kituo cha biashara ya mboga. Matenga ya nyanya, magunia ya viazi mviringo, karoti zilizooshwa zikang'aa, kabichi zilizorundikwa kupita urefu wa mtu: mzigo huo wote husafiri usiku kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam na kwingineko. Nilizungumza na mkulima mmoja wa karoti aliyenieleza bei aliyopewa shambani siku hiyo, nami nikiijua bei ninayolipa mimi mjini, nikaona aibu kumtajia. Barabara mbovu ni gharama inayokatwa kwa mkulima kwanza. Kama kungekuwa na jambo moja la kuwaomba wenye mamlaka juu ya milima hii, ningeomba kipande hicho cha barabara.

Kutoka Lukozi tulitembea hadi Rangwi, tukipita kwenye miteremko iliyolimwa kuanzia chini hadi juu. Hapa ndipo nilipotaka kusimama kila baada ya hatua mia. Mashamba yamekatwa kwa ngazi na kingo zake zimepandwa majani ya gwatemala, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulishwa ng'ombe wa zizini. Tulipumzika karibu na mzee aliyekuwa akikata majani hayo.

"Shikamoo, babu," mpwa wangu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatoka wapi na jua hili?"

Nilimwuliza kuhusu matuta, naye akaweka mundu chini na kueleza kwa utulivu. Alikuwa mtoto wakati serikali ya Waingereza ilipolazimisha kila kaya kuchimba matuta, na aliyekataa alitozwa faini. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliolalamika, kwa kuwa kazi iliongezeka na udongo mbaya wa chini ukaletwa juu. Mpango huo, uliojulikana kama Mpango wa Usambara, uliachwa mwaka 1957 baada ya upinzani ulioungana na harakati za kudai uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi wa kuhifadhi udongo ulioitwa SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, uliohimiza majani haya, upandaji wa miti na ufugaji wa ndani.

"Kazi ni ile ile ya kuzuia udongo," alisema, "lakini safari hii tuliulizwa."

Nimeiandika kauli yake kama alivyoitamka, kwa sababu tangu hapo sikuweza tena kuitazama miteremko ile kama mandhari tu. Kila mstari wa kijani unaopendeza kwenye picha una mtu aliyeinama kuupanda, na una historia ya watu waliokataa kuamrishwa kwenye ardhi yao.

Rangwi iko kwenye bonde, na masista wa hapo hupokea wageni. Kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa vilitugharimu shilingi 30,000 kwa mtu. Tulikula ugali, maharage, viazi na mnavu uliopikwa kwa vitunguu, ukiwa na uchungu mdogo unaopendeza. Usiku ulikuwa baridi kiasi cha kuhitaji mablanketi mawili, ingawa ilikuwa Januari. Watakaokuja kati ya Juni na Agosti wabebe koti zito, kofia na soksi za sufu.

Ijumaa: Rangwi hadi Mtae

Hii ndiyo siku ndefu zaidi ya kutembea, nasi tuliondoka saa moja asubuhi tukafika karibu na saa kumi na moja jioni, tukiwa na mapumziko mengi. Njia inapita pembeni mwa msitu wa Shagayu, unaofunika sehemu ya juu kabisa ya eneo hilo, kisha inaingia vijijini na kuufuata mgongo wa mlima kupitia Sunga.

Saa nane mvua ilitukuta mahali pasipo na kibanda. Mwanamke aliyekuwa ameketi barazani kwake alituita kwa sauti, akasogeza viti ndani, akaweka viazi vitamu vilivyochemshwa na chai ya maziwa. Watoto wake wanne walisimama mlangoni wakituangalia. Tulikaa hapo mpaka mvua ilipoisha, naye muda wote alizungumza na kiongozi wetu kwa Kisambaa, wakacheka kwa mambo ya ukoo wao, kwa maana iligundulika kuwa bibi zao walitoka kijiji kimoja. Nilipotaka kumpa fedha alirudisha mkono nyuma. Kiongozi alininong'oneza kwamba fedha ingemdhalilisha, ila sukari isingekataliwa, basi mpwa wangu akakimbia dukani kununua kilo mbili na tukaziacha mikononi mwa mtoto mkubwa.

Wasafiri wafahamu jambo hili: katika vijiji hivi mtu akikukaribisha ndani amekukaribisha kweli, na zawadi inayofaa ni ya nyumbani, kama sukari, majani ya chai, sabuni au chumvi. Picha za watu na nyumba zao ziombwe kwanza.

Mtae ilionekana mwishoni, nyumba zimejipanga juu ya ukingo mwembamba kiasi kwamba barabara ya kijiji ina bonde upande huu na bonde upande ule. Chumba cha gesti kilikuwa shilingi 20,000. Tulilala kabla ya saa mbili.

Jumamosi: Mtae

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kiongozi aligonga mlango. Tulitembea kwenda kwenye mwamba ulio mwisho wa kijiji, upepo ukiwa mkali, na tukaketi kungojea mwanga. Mtae ni ncha ya Usambara upande wa kaskazini magharibi, na ardhi huanguka pande tatu. Chini yetu ilikuwa nyika ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 na ambamo faru weusi wanalindwa. Mbele yake Milima ya Upare ilijitokeza kwa tabaka, moja nyuma ya nyingine, kila tabaka hafifu kuliko lililotangulia. Kisha, kaskazini magharibi, juu ya mawingu ambapo sikutarajia kuona kitu chochote, theluji ya Kibo ilianza kushika mwanga. Haikukaa. Ndani ya robo saa mawingu yalipanda na kuifunika, lakini nilikuwa nimeiona Kilimanjaro nikiwa juu ya mlima mwingine, jambo nililokuwa nikilisikia tu kwa watu.

Wazee wa Mtae husema kwamba kutoka hapa walinzi waliwatazama wavamizi waliokuja kutoka nyikani kuchukua ng'ombe, wakapata muda wa kutosha wa kuwaonya watu. Kwa kuitazama nyika ile naamini kwamba hakuna aliyeweza kuivuka mchana bila kuonekana.

Saa tano asubuhi habari zilienea kwamba matokeo ya Kidato cha Nne yametangazwa. Bando la mpwa wangu lilikuwa limekwisha na simu yangu haikuwa na chaji. Mwenye duka la vocha, ambaye hatukuwa tumenunua kwake chochote, alimpa simu yake mwenyewe na kumwachia kiti cha nyuma ya kaunta. Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka, na watu watatu waliokuwa wakinunua mafuta ya taa wakasimama kumngojea pamoja naye. Alikuwa amepata daraja la pili. Mwenye duka alimpa soda, akamwuliza anataka kusoma nini, na kijana ambaye wiki nzima alikuwa akisema hajui akajibu kwamba anafikiria misitu.

Mchana tulikwenda Mambo, kijiji cha jirani chenye ukingo mwingine wa kutazamia nyika. Mwanga wa jioni huko ni bora zaidi kwa picha kuliko wa Mtae, wakati wa asubuhi Mtae haina mpinzani. Anayeweza kulala usiku mmoja kila mahali asisite.

Jumapili: kurudi Lushoto

Basi la kwanza kutoka Mtae liliondoka saa kumi alfajiri, nauli shilingi 9,000, na tulifika Lushoto kabla ya saa tatu tukiwa tumelala njia nzima. Asubuhi hiyo tuliachana na kiongozi wetu, ambaye hakutaka kupokea ziada mpaka nilipomwambia kwamba ni ya daftari za wadogo zake. Siku iliyobaki tulifua nguo na kupumzika.

Jumatatu: Soni, Vuga na Mombo

Tuliteremka Soni kwa Kosta, shilingi 1,500, tukaacha mabegi kwa mama muuza chai, tukachukua bodaboda mbili kwenda Vuga kwa shilingi 5,000 kila moja. Vuga ilikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Simulizi za Wasambaa zinasema kwamba mwanzilishi wao, Mbega, alikuwa mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kugawa nyama kwa kila mtu, mpaka watu wakamtaka awatawale. Kimweri ye Nyumbai alipokuwa akitawala hapa, wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipanda kumwona mwaka 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Hakuna makumbusho wala kibao kikubwa. Kuna kijiji, mashamba, mandhari ya mabonde pande zote, na mzee mmoja aliyetupeleka mpaka mahali pa heshima, akatuomba tusipige picha, nasi tukatii. Naona ni hasara kubwa kwamba watoto wa shule wanaokuja Lushoto kwa ziara hupelekwa Irente na kurudishwa bila kupitishwa hapa, ilhali historia wanayoisoma darasani iko umbali wa nusu saa kutoka barabarani.

Tukiwa njiani kurudi tulionyeshwa upande wa Sakharani, ambako watawa Wabenediktini wana shamba la makadamia na zabibu. Mahali hapo palikuwa pa Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyeuawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Muda haukuturuhusu kufika.

Mombo tulifika saa saba mchana, na joto likatupokea. Mabasi yanayotoka Arusha na Moshi hupita hapo yakiwa yamejaa, kwa hiyo anayetaka kurudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo akate tiketi ya basi linaloanzia Lushoto na aombe kupandia Mombo, au awe Mombo kabla ya saa sita. Sisi tulipata viti vya nyuma kabisa baada ya kusubiri saa mbili, kwa shilingi 20,000. Mawakala wa stendi watatu walitutajia bei tatu tofauti za basi moja, basi ni vyema kumwuliza konda mwenyewe mlangoni. Tulishuka Mbezi saa nne na nusu usiku tukiwa na sado mbili za plamsi, ambazo nusu yake zilikuwa zimepondeka, na zilizobaki zilitosha kwa majirani wote wa ngazi yetu.